Wimbo wa Saa Kumi

9 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu na za mama. Natumaini kile kifua kimekuachia na huko kazini wanakupumzisha kidogo. Mimi mzima, mgongo tu, na mgongo nao nimeshauzoea. Mama mwili hajambo kabisa, anakula kunishinda. Kichwa ndicho kinakwenda na kurudi, na siku hizi kikienda kinakaa huko.

Nakuandikia kwa sababu redio imekula kanda ya baba. Ni ile ile ya siku zote, baba peke yake na gitaa lake, ule wimbo wake aliotunga mwenyewe usio na maneno. Nimeifungua kanda kwa bisibisi ya cherehani na kuirudisha kwa kalamu, lakini katikati imejikunja vibaya.

Wewe hujui kanda hiyo imetusaidia vipi. Tangu mwaka jana, ikifika saa kumi mama anaanza kutafuta viatu. Anasema baba amechelewa kufunga kibanda chake cha kutengeneza saa, anakwenda kumwangalia. Miaka sita marehemu, yeye anakwenda kumwangalia! Basi nilikuwa namwambia, mama, weka kanda kwanza. Anabonyeza mwenyewe, anakaa, anasikiliza mpaka mwisho, na viatu anavisahau. Sasa kanda haipo, na kila siku saa kumi tunavutana mlangoni mimi na yeye. Ana nguvu, usimwone mwembamba.

Nimekutumia hiyo kanda, huenda huko kuna mafundi. Na jambo la pili, mdogo wangu, njoo. Hata wiki mbili. Nashona sare za shule hapa hapa nyumbani ili niwe karibu naye, na sikumbuki mara ya mwisho nimelala bila kutega sikio. Nimechoka, nakwambia wazi.

Dada yako

2 Machi

Dada yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Kifua kimepona, ahsante. Pole sana na mgongo, na pole na habari ya kanda.

Imefika. Nimeipeleka kwa fundi mmoja, akaitazama, akaniuliza kama nina kanda nyingine. Mwanzo unasikika na mwisho unasikika. Katikati ni kama mtu anatafuna mchanga.

Lakini nimepata wazo, usinicheke. Nitajifunza kuupiga mwenyewe, nirekodi, nimtumie mama. Najua, najua. Mimi niliyekuwa nikiitwa kwenye gitaa natokea dirishani. Gitaa nimeazima kwa mwenzangu wa hapa chumba cha kufulia, mzee anayepiga pasi mashuka ya wagonjwa, tunamwita Babu Pasi. Noti siwezi kusoma, kwa hiyo ni sikio tu. Nasikiliza sauti moja, nasimamisha kanda, naitafuta kwenye uzi, naikosa, narudisha nyuma. Siku ya kwanza nilipata sauti nne. Babu Pasi akanicheka, akasema, "Unatafuta kwa vidole kitu ambacho hujakiweka kichwani. Uimbe kwanza. Ukiweza kuuimba, mkono utafuata." Sasa nauimba siku nzima juu ya kelele za mashine, na wenzangu wananiona nimerukwa na akili.

Taabu ni vidole. Jumapili vinaota sugu kidogo, Jumatatu nashinda kwenye maji ya moto na sabuni, sugu inalainika na kubanduka, uzi unanikata upya. Kila wiki naanza mwanzo.

Ile sehemu iliyoliwa, wewe unaikumbuka? Niandikie.

Habari ya kuja, likizo mwaka huu imebana. Tutaona.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima, salamu zimefika. Likizo umeiruka kwa mstari mmoja, nimeona. Haya.

Umeniomba niandike wimbo kwenye karatasi. Nilijaribu: ta-ta-TAA-ta-ta. Kesho yake niliposoma mwenyewe nikaona ni upuuzi mtupu. Ninavyoukumbuka, pale katikati unapanda kama mtu anayepanda ngazi na ndoo mbili, juu anapumzika, halafu anashuka mbio kana kwamba amekumbuka sufuria jikoni. Zaidi ya hapo sijui, nilikuwa mtoto nafanya hesabu za shule mezani, na mtu hasikilizi kinachopigwa nyumbani kila siku.

Mama jana alifika mpaka kwenye geti. Nimeweka kufuli, nimeona aibu kuliweka, lakini nimeliweka.

Fanya haraka na hilo gitaa lako.

Dada yako

28 Aprili

Dada yangu,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Mimi mzima, nimebanduka vidole vitatu tu.

Kanda ndiyo hiyo. Nisamehe mapema. Nimerekodi mara nyingi na hii ndiyo iliyokuwa na afadhali. Utanisikia nikisimama mara tatu, na mara moja utanisikia nikisema "aah, nimekosea", nilisahau kwamba inarekodi. Ile ya ngazi na ndoo nimeitengeneza kwa maelezo yako, lawama tugawane.

Mpigie mama, uone. Akikataa, tupa.

Mdogo wako

16 Mei

Mdogo wangu weee!

Hatujambo, hatujambo, hatujambo! Sijui nianzie wapi.

Saa kumi mama alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. Nikabonyeza. Akainamisha kichwa, akasikiliza, nikajua sasa ataniambia nizime. Ulipofika pale pa "aah, nimekosea" akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. "Huyu mtoto ana haraka," akasema. "Mwambie asikimbie, kwani anafukuzwa na nani?" Akakaa. Akavua kiatu.

Tangu siku hiyo yeye ni mwalimu wako. Ukikosea anapiga goti, anasema, "Rudia!" Na wewe kwa bahati yako unarudia kweli, kwa hiyo anakuona mtoto mtiifu sana. Kila siku anakusikia kama mara ya kwanza, na kila siku anasema utaweza tu, una kichwa kizuri, mikono ndiyo mizito. Nikimuuliza ni nani huyo, anasema ni mtoto tu, anajifunza. Anakucheka, lakini anakupenda.

Jana wakati anakufundisha nilioga maji ya moto. Nilifunga mlango wa bafu kwa komeo, mdogo wangu, nikakaa humo mpaka maji yakapoa. Nilipotoka bado anasema rudia. Wiki hii nimemaliza kola za darasa zima.

Ahsante. Mungu akuweke.

Dada yako

3 Juni

Dada yangu,

Salamu kwako na kwa mama. Nafurahi umeoga. Sikujua nitakuja kuandika sentensi kama hiyo.

Barua yako nimeisoma chumbani, nimeisoma tena kazini wakati wa chai. Imenifurahisha, na sitakuficha, imenichoma pia. Anakucheka, umesema. Baba alinipa lile gitaa mkononi mara ngapi, mimi nikakimbilia mpira? Sasa mama amebakiwa na akili kidogo, na katika hicho kidogo mimi ni mtoto asiyemjua mwenye mikono mizito. Sitaki iwe hivyo. Nataka asikie wimbo wa mume wake kama alivyouzoea.

Nirudishie hiyo kanda. Ni kanda nzuri, nyingine niliyojaribu ilikuwa inakoroma. Nitarekodi juu yake wimbo uliokamilika, bila kusimama, na nitaurudisha upesi. Babu Pasi amenionyesha kupaka spiriti vidole, sugu sasa inashika.

Mdogo wako

11 Juni

Mdogo wangu,

Tuko salama. Kanda hii hapa. Naituma kwa shingo upande, ujue. Mimi sikuomba iliyokamilika.

Fanya upesi.

Dada yako

19 Julai

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi. Kanda iko wapi?

Mama amekonda. Mimi pia.

Dada yako

30 Agosti

Dada yangu,

Nisamehe, nisamehe. Najua nimekaa sana. Hamjambo lakini? Mimi mzima ila macho mekundu.

Nilikuwa siwezi kutuma kitu nusu. Ule mwanzo wa baba niliusikiliza mpaka nikagundua kumbe kila baada ya mstari anagonga ubao wa gitaa kwa kidole gumba, kidogo tu, ukisikiliza haraka unapita. Nimejifunza na hilo. Nimejifunza anavyochelewesha ile sauti ya mwisho. Mwishowe nilimchezea Babu Pasi kanda ya baba, halafu nikaupiga mimi. Akaniambia, "Akili yangu imekataa kuwatofautisha." Nilikaa kwenye rundo la mashuka nikalia, mtu mzima mimi.

Na nimemwongezea mama zawadi. Unakumbuka baba kabla ya kupiga alivyokuwa akikohoa, mara mbili, kisha anasema "haya"? Nimeweka na hiyo.

Safari hii hatacheka.

Mdogo wako

14 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu.

Hakucheka. Ulipokohoa tu aliweka kikombe chini. Uliposema "haya" akasimama. Uso wake sijauona hivyo miaka sita. "Baba yenu amefika," akasema, akaingia chumbani. Akatoka, akaingia jikoni. Akafungua kabati la nguo, akazisogeza nguo moja moja. Nikamwambia, mama, ni kanda, ni mwanao anapiga. Akaniambia, "Kanda naijua mimi. Kanda ina mikwaruzo." Ni kweli, ile ya zamani ilikuwa inakwaruza, na siku zote alijua ni kanda, ndiyo maana ilimtuliza. Hii yako ni safi kama mtu yuko chumba cha pili.

Nikazima. Ikawa nimefanya vibaya zaidi, kwa sababu sasa baba yupo na amenyamaza. Akaita jina lake nyumba nzima. Mimi nikaenda kumchemshia maji ya chai, na kufuli la geti nilikuwa sijalifunga tangu mteja wa sare alipotoka. Niliporudi hayupo.

Nilimkuta kwenye kibanda cha baba, ambacho siku hizi wanauza ndoo. Mvua inanyesha. Mguu mmoja kiatu chake, mwingine kiatu changu. Anamuuliza muuza ndoo amemficha wapi mume wake, na watu wamesimama wanatazama. Nilimshika mkono akakataa. Nikamvuta. Nikamvuta kwa nguvu, mdogo wangu, mpaka akalia, na nikampigia kelele mbele za watu: "Amekufa! Baba amekufa mama, miaka sita amekufa!" Akaniangalia kama mtu anayepewa habari hiyo kwa mara ya kwanza, akakaa chini pale pale kwenye maji.

Kesho yake alikuwa amesahau yote, saa kumi akaanza upya. Mkono wake una alama ya vidole vyangu. Kila nikimvalisha naiona.

Ile kanda ya kwanza ulirekodi juu yake, kwa hiyo haipo tena. Sina la kukulaumu, ulifanya kazi nzuri. Umempata baba kabisa. Nani alikutuma umtafute?

Dada yako

25 Septemba

Dada yangu,

Sina uso wa kukusalimu, lakini nakusalimu. Mwambie mama pole, hata kama hajui pole ya nini.

Nimerekodi nyingine, hii hapa. Nimekosea mahali patatu kama mwanzo, nimesimama, nimesema "aah, nimekosea". Jaribu hii. Nakuomba usikate tamaa, jaribu.

Mdogo wako

9 Oktoba

Mdogo wangu,

Sisi tupo.

Nimejaribu. Alisikiliza mpaka kosa la pili, akaniambia, "Zima. Huyu anajua, anatufanyia mzaha." Akaenda kuvaa viatu.

Usitume kanda nyingine. Nilikuomba kitu kimoja mwezi wa pili. Nilikuomba wewe. Ukaniletea gitaa, nikashukuru, kwa sababu mtu mwenye kiu hakatai hata maji ya uvuguvugu. Lakini sasa nakwambia kama dada yako mkubwa niliyekubeba mgongoni: kama huji, usiniandikie. Kila barua yako inanifanya nitumaini, na kutumaini nako kunachosha. Bora nijue niko peke yangu, nipange kazi zangu.

Dada yako

21 Desemba

Dada yangu,

Salamu kutoka nyumbani. Ni ajabu kukuandikia barua kutoka kwenye meza yako, na cherehani yako inanitazama. Mama hajambo. Mimi hoi. Wewe je, na mama mdogo anakutunza? Leo ni siku ya tisa tangu nikusindikize kwake ukapumzike, na hujaandika. Sikulaumu, nilipokaa kimya mimi wewe ulingoja zaidi.

Nikupe habari za hapa. Siku ya kwanza, saa kumi ilipogonga, nilikimbilia gitaa. Babu Pasi alinipa liwe langu, akasema limeshanizoea. Nikakaa mbele ya mama, nikakohoa mara mbili kama baba, nikasema "haya", nikapiga. Akanikatiza. "Acha kumuiga baba yako, utaumwa koo," akasema. Halafu akaniuliza viatu vyake viko wapi. Nilipiga tena, vizuri, kwa ufundi wangu wote wa miezi saba. Akapita mbele yangu kama napiga kwenye redio ya jirani.

Dada, sikujua la kufanya. Kwa hiyo nikamvalisha viatu, nikavaa vyangu, tukatoka. Tulifika mpaka kwenye kile kibanda cha ndoo. Muuza ndoo alinikunjia uso, kisha akamtolea mama kiti. Mama akakaa, akaangalia watu. Baadaye akaniuliza, "Sisi tunasubiri nini?" Nikamwambia sijui mama, nimekufuata wewe. Akacheka sana. Tukarudi.

Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Siku ya tano mvua ilikuwa kubwa nikamwambia leo hatutoki, akanipiga kwa kiatu, na mimi nikamfokea maneno ambayo sitayaandika. Nikatoka nikakaa ngazini nikiogopa kurudi ndani. Siku tano tu, dada. Wewe umekaa miaka.

Nina jambo la kukwambia, na nimengoja uwe mbali ili usinitazame. Likizo haikubana. Nilikuwa na likizo tangu Machi. Nilikuwa naogopa kuja, nisije nikamkuta mama ananitazama hanijui. Nikaona nikijifunza ule wimbo nitakuwa nimefanya kitu, na mtu akifanya kitu hawezi kuitwa mwoga. Kadiri wimbo ulivyokuwa mgumu ndivyo nilivyopata sababu ya kukaa huko. Ungekuwa mwepesi ningetafuta mwingine. Na kweli hanijui. Ananiita "wewe kijana". Nilidhani nitakufa, lakini mtu hafi, mama anauliza tu kijana anataka chai au hataki.

Kazini nimewaandikia kwamba sirudi. Hospitali ya hapa nayo ina chumba cha kufulia, nitaanza zamu ya asubuhi mwezi wa kwanza, na jirani atakaa naye mpaka saa nane. Wiki mbili ulizoomba nakuongezea nyingine mbili, na ukitaka nyingine sema. Wateja wako wa sare nimewaambia wangoje.

Nimechoka, dada. Ndiyo kwanza nimejua ulikuwa unaniandikia nini.

Mdogo wako

8 Januari

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika zamani. Usidhani nimekasirika. Nilikuwa nalala.

Nakwambia kweli tupu. Siku tatu za mwanzo mama mdogo aliniamsha nile, nikala, nikarudi kulala. Barua yako niliifungua, nilipofika kwenye habari ya muuza ndoo nikasinzia. Niliisoma tena kesho yake. Pale pa likizo nilikasirika sana, nikasema nikiamka vizuri nitakuandikia barua ya kukutoa ngozi. Nimeamka vizuri leo na hasira imepungua. Bado ipo kidogo, nitakuja nayo.

Jana saa kumi nilikuwa nimekaa nje nachambua mchele. Nikajikuta nimesimama, ungo umeanguka. Mama mdogo akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia siendi popote, kuna mtu yuko na mama. Nilikuwa sijawahi kulisema neno hilo, mdogo wangu. Nikalisema tena, mama mdogo akadhani nimeanza kuwa kama mama.

Nitarudi mwezi ukiisha. Siku nitakayofika usiniachie funguo ukaondoka. Kaa. Saa kumi tutoke naye wote wawili, mmoja kila upande.

Dada yako